Msafiri, Mtoro na Mzururaji



Mtu atokaye Nyamwaga kuelekea Sirari kwa miguu, fimbo mkononi na kifurushi begani, aweza kupewa majina manne kabla hajafika aendako. Mwenye duka atamwita msafiri, maana anatazamia kumwuzia soda. Mzee aliyeketi chini ya mti atamwita mpita njia. Mgambo ataanza kujiuliza kama huyu si mzururaji. Na kama ni kijana wa umri wa shule, mwalimu akimwona siku ya Jumatano saa nne asubuhi atamwita mtoro. Miguu ni ile ile, na vumbi ni lile lile. Kilichobadilika ni mtu aliyeketi akimtazama.

Jambo hili tumelifikiri kwa muda, na twaona lafaa kuandikwa katika gazeti letu la parishi. Sisi wa Tarime na Serengeti tu watu wa kutembea. Koo zetu husimulia walikotoka, na hakuna ukoo usemao kwamba uliota papo hapo kama uyoga. Wakurya wako pande mbili za mpaka wa Kenya, na mtu huenda kwa shangazi yake upande wa pili akarudi jioni. Wanata husimulia juu ya mwindaji aliyetoka porini akamkuta mwanamke mkulima, na kwa hao wawili taifa likaanza. Maana yake ni kwamba baba yao wa kwanza, kwa macho ya mgambo wa leo, alikuwa mtu asiye na anwani. Hata hivyo sisi wenyewe tu wepesi wa kumtupia neno baya mtu tumwonaye njiani. Basi twauliza: je, ni haki kumhukumu mtu kwa jina tulilompa kabla ya kumwuliza aendako? Kwa kuwa hukumu hizi nyingi zilitufikia katika nguo za Kiingereza, kwa njia ya sheria na shule, tuanze huko kisha turudi nyumbani.

Neno la kawaida la Kiingereza la kutangatanga ni "wander". Ni neno la kale, nalo ni ndugu wa "wend", yaani kwenda, na wa "wind", yaani kupinda na kuzungusha. (Mwanafunzi anayeshangaa kwa nini wakati uliopita wa "go" ni "went" atulie: "went" ni mtoto wa "wend" aliyehamia nyumba ya "go" akabaki huko.) Kwa asili, basi, "wander" ni kwenda kwa kupindapinda. Halina tusi ndani yake. Mto Mara nao hupindapinda, wala hatuusemi vibaya.

Neno "tour", lililomzaa "tourist", lina hadithi kama hiyo. Limepitia Kifaransa na Kilatini, na mwanzo wake katika Kiyunani ni chombo cha fundi cha kuchorea duara na kukerezea mti. Mti huzunguka, fundi huchonga. Kwa hiyo "tourist" ni mtu azungukaye. Na wako wasemao kwamba neno letu mzungu nalo limetokana na kuzunguka, kwa sababu wageni wale wa kwanza walionekana wakizunguka nchi bila wenyeji kuelewa wanatafuta nini. Wengine hulihusisha na mizungu, yaani maarifa ya ajabu. Wale wa kwanza wakiwa wamesema kweli, kila mtalii apitaye lango la Fort Ikoma ni mzungu kwa asili ya neno, hata kama ametoka Dodoma. Neno letu la mtalii lina heshima zaidi. Limetoka Kiarabu, na kutalii hapo zamani kulikuwa ni kutazama jambo kwa makini na kulichunguza, kama mtu asomaye kitabu. Ingefaa watalii wajue kwamba tumewasifu hivyo.

Waingereza wenyewe wamependa kubuni asili za maneno haya. Wamesimuliana kwamba "saunter", kutembea kwa madaha, limetokana na watu waliokuwa wakiomba chakula kijiji kwa kijiji wakidai kwamba wanakwenda Nchi Takatifu. Na kwamba "roam", kurandaranda, limetokana na mji wa Roma, kwa ajili ya watu waliodai wanakwenda kuhiji huko. Wataalamu wa lugha wamezikataa hadithi zote mbili. Lililo kweli ni "canter", mwendo wa farasi usio wa mbio wala wa polepole mno. Hilo ni ufupisho wa jina la Canterbury, mji wa Askofu Mkuu wetu wa Kianglikana, walikokwenda mahujaji kwa farasi kulizuru kaburi la Thomas Becket aliyeuawa kanisani mwaka 1170. Lakini hadithi za uongo nazo zina kitu cha kutufundisha. Watu hawabuni asili ya neno bila sababu. Waliobuni hizo mbili walikuwa wenyeji waliokwisha kuchoka kugongewa mlango na watu wenye jina takatifu la safari na tumbo tupu. Walitaka neno lenyewe litoe ushahidi kwamba wasafiri ni waongo.

Sasa tuweke maneno mawili ubavu kwa ubavu. La kwanza ni "pilgrim", hujaji. Kwa Kilatini lilikuwa "peregrinus", nalo halikuwa na utakatifu wowote. Lilikuwa jina la mgeni, mtu aliyetoka ng'ambo ya mashamba yetu. La pili ni "vagabond". Nalo ni la Kilatini, kutoka kitendo "vagari", yaani kwenda huku na huku. Hilo lina watoto wengine ambao vijana wetu hukutana nao shuleni: "vague", jambo lisilo na mipaka dhahiri, na "extravagant", mtu aliyetoka nje ya mpaka, hasa katika kutumia fedha. Maneno haya mawili yalianza karibu karibu, mgeni mmoja na mgeni mwingine. Mmoja alipelekwa kanisani akapewa heshima, mwingine akapelekwa gerezani. Hatuoni kwamba miguu yao ilitofautiana. Hujaji alijulikana aendako, mwenzake hakujulikana.

Gereza hilo si mfano tu. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya wazururaji. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha, askari wamerudi bila kazi, maskini wamejaa mabarabarani, na wenye mali wakaogopa. Sheria ile iliwapanga watu wa njiani katika makundi na kuwapa majina: wavivu na wasio na utaratibu, kisha wahuni na wazururaji, kila kundi na kifungo chake. Twaomba msomaji aangalie jambo moja. Sheria ya wizi humwadhibu mtu kwa alichoiba, na sheria ya uuaji kwa aliyemwua. Sheria hii iliweza kumwadhibu mtu kwa kukutwa. Akikutwa amelala ghalani au chini ya mti, akashindwa kujieleza vema, limekwisha. Kosa lake lilikuwa hali yake.

Majina hayo yalivuka bahari pamoja na utawala. Yaliingia katika sheria za makoloni mengi ya Kiingereza, na kwetu yakakaa katika Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 176 na 177. Mwaka 1944 serikali ya Tanganyika iliongeza sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Mtu wa bara aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi akaikosa aliweza kurudishwa kwao, kana kwamba kutafuta ni kosa na kupata ndiko kunakosamehe. Wakati huo neno mhuni lilikuwa vinywani mwa watu wote mijini, wa serikali na wa mitaani. Zamani mhuni aliweza kuwa mtu asiye na makao wala shughuli maalum, basi. Leo ukimwita kijana mhuni umesema ni mtu wa matendo mabaya. Neno lilisafiri kutoka kukosa nyumba hadi kukosa adabu, na hakuna aliyelizuia njiani.

Uhuru haukulimaliza jambo hili, na lazima tuseme hivyo bila kuficha. Mwaka 1983 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, na mwishoni mwa mwaka huo, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, watu walikamatwa mijini na wengine wakapelekwa vijijini na mashambani. Wazee wetu wanaikumbuka hali ya miaka ile: vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, bidhaa hazikuwapo madukani, na serikali iliona mikono mingi imekaa bure mijini wakati mashamba yanangoja. Nia ya kwamba kila mtu afanye kazi ni njema, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kuisema. Lakini mama muuza vitumbua asiye na kitambulisho, je, alikuwa hafanyi kazi? Alikuwa akiifanya tangu alfajiri. Ila kazi yake haikuwa na jina katika daftari la mkaguzi, kwa hiyo akapewa jina lingine.

Mambo yakaja kugeuka kidogo kidogo. Kenya iliifuta sheria yake ya wazururaji mwaka 1997. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, ilitoa maoni yake kufuatia ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Ilisema kwamba sheria zinazomfanya mtu kuwa mhalifu kwa sababu ya hali yake, kwa kumwita mzururaji, zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba mataifa yanapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Na Bunge la Uingereza, lililoianza safari hii, lilipiga kura ya kuifuta sheria ya 1824 mnamo mwaka 2022, baada ya karibu miaka mia mbili. Tukio la Arusha halikupigiwa ngoma huku kwetu. Lakini kwa maoni yetu lilikuwa kubwa, kwa kuwa majaji walikaa wakaliangalia neno, wakauliza lina haki gani ya kumfunga mtu.

Hata hivyo sheria si mzizi wa jambo. Mzizi uko katika kuona kwetu, na hapa Wayunani wa kale wanatusaidia. Walipotazama mbingu usiku waliona nyota nyingi zikienda pamoja kwa utaratibu, na tano zikienda kwa namna yake zenyewe, mara mbele, mara nyuma. Ni zile tuziitazo Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Wakaziita kwa neno lililoleta "planet", maana yake nyota zitangatangazo. Waarabu nao walizipa jina la kwenda, ndilo neno letu sayari. Kwa Kiarabu cha leo neno hilo hilo ni la motokaa, jambo ambalo ndugu zetu waliofanya kazi Oman watatuthibitishia. Kwa muda mrefu sana watu waliona nyota hizo kama wakorofi wa mbinguni. Ndipo mwaka 1609 Johannes Kepler, Mjerumani aliyesomea theolojia ya Kilutheri kabla ya kuhesabu nyota, alipoonyesha kwamba Mirihi ina njia yake kulizunguka jua, njia iliyonyooka kwa hesabu ingawa si duara kamili. Nyota ile haikuwa imepotea hata siku moja. Waliokuwa hawajaijua njia yake ni watazamaji.

Twaona hapo ndipo penye kiini cha swali letu. Mara nyingi kutangatanga ni jina la utaratibu ambao mtazamaji haujui.

Hatuna haja ya kwenda mbinguni kutafuta ushahidi. Kusini mwa Mugumu kila mwaka nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka Serengeti, hupita Grumeti, huvuka Mto Mara na kurudi, wakifuata mvua na majani. Jina la Serengeti lenyewe limetoka Kimasai, likisema nchi tambarare isiyo na mwisho. Hakuna aliyewahi kumwita nyumbu mzururaji. Watu hulipa fedha nyingi kuja kumwona anavyohama, na hiyo huitwa safari, neno la Kiarabu na Kiswahili ambalo Waingereza walilichukua kwetu katika karne ya 19 na hawakulirudisha. Lakini Mmasai aliyeyafuata majani yale yale na mvua ile ile aliitwa kwa Kiingereza "nomad", na wengi waliolitamka walidhani maana yake ni mtu aendaye ovyo. Sivyo. Neno hilo ni la Kiyunani, la malisho, na limetoka katika kitendo cha kugawa na kugawiana. Kitendo hicho hicho ndicho kilichowapa Wayunani neno lao la sheria. Mtu wa malisho na sheria ni watoto wa mama mmoja. Anajua zamu ya kisima, anajua bonde la kiangazi ni la nani. Mwaka 1959 Wamasai walihamishwa kutoka eneo la Hifadhi ya Serengeti na kupelekwa Ngorongoro. Upande wetu wa magharibi, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme walikuwa wakiwinda katika nyika hizo tangu mababu. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1951 na mipaka yake kulindwa, aliyekuwa mwindaji akaja kuitwa jangili. Hatusemi kwamba wanyama wasilindwe. Tunasema tu kwamba mnyama aliachiwa jina lake na mtu akabadilishiwa.

Na kule Nyamongo leo, kijana aingiaye penye lundo la mawe ya mgodi kutafuta chembe za dhahabu ni mvamizi katika taarifa, na ni mtafutaji nyumbani kwa mama yake. Hatutaki kuamua kesi hiyo hapa. Tunaonyesha tu kwamba taarifa na mama hawajasemezana.

Sasa msomaji mwenye busara atasema: ndugu, mnataka kutuambia kwamba hakuna mtu atangatangaye kweli? Wako. Lugha yetu inawajua, tena ina namna yake nzuri ya kuwataja: inarudia neno. Kuhama ni jambo la heshima, kuhamahama kunatia shaka. Kuzunguka ni kazi ya askofu na ya mganga mkuu wa wilaya, kuzungukazunguka ni kazi ya mtu asiye na kazi. Katika kurudia huko mwisho wa safari hupotea. Twawajua wababa waliotoka nyumbani kwenda kutafuta kazi, wakawa wanatoka baa hii kwenda baa ile mwaka wa kumi sasa, na watoto wao wanalala njaa. Hao wanatangatanga, na kuwaita wasafiri ni kuwadhulumu watoto. Wala hofu ya mtu wa usiku si ujinga. Katika nchi iliyoteswa na wizi wa ng'ombe kama Tarime, tuliozoea kufuata nyayo asubuhi na kulidai zizi zilipoishia, sungusungu wamekuwa na sababu ya kumsimamisha mtu gizani. Kumsimamisha na kumwuliza ni sawa. Tunalolikataa ni kumjibia.

Methali zetu nazo zimegawanyika, wala hatuoni haja ya kuzipatanisha kwa nguvu. Moja husema mtembezi hula miguu yake. Nyingine husema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mzee mwenye ng'ombe hupenda ile ya kwanza; kijana asiye na kitu hupenda ya pili.

Tumefika penye jambo lililotufanya tuandike. Katika misimu ya ukeketaji, Novemba na Desemba shule zikifungwa, wako mabinti watokao nyumbani kwao usiku. Hutembea peke yao au wawili wawili, katika njia za porini, bila viatu wengine, mpaka wafike kwa mwalimu, kwa mchungaji, kituo cha polisi, au kwenye nyumba za kuwahifadhi. Kituo cha Masanga kule Tarime, cha ndugu zetu Wakatoliki, kimewapokea kwa miaka mingi. Mjini Mugumu Nyumba Salama ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi yetu ya Mara, ikiongozwa na Mama Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe amesimulia hadharani jinsi alivyokeketwa akiwa binti na kuponea chupuchupu. Mabinti waliopita katika nyumba hizo ni mamia mengi.

Je, twamwita nani binti huyu tumkutapo njiani saa kumi alfajiri? Hapa neno si mchezo. Tukimwita mtoro, tumekwisha kuamua kwamba yuko alikopaswa kuwa na kwamba lililo jema ni kumrudisha. Tukimwita mzururaji, tumemtilia shaka ya mambo ya aibu, na mlango utafungwa. Kanuni ya Adhabu, kitabu kile kile chenye wazururaji katika vifungu vya 176 na 177, ina kifungu cha 169A kilichoongezwa mwaka 1998, kinachosema kumkeketa binti aliye chini ya miaka kumi na minane ni kosa la jinai. Vifungu vichache tu katikati! Binti yule yule, usiku ule ule, aweza kusomwa katika kifungu kimoja kama anayelindwa na katika kingine kama anayeshukiwa. Itategemea mtu wa kwanza kumwona ametamka neno gani.

Kiswahili, tukikisikiliza, kinatupa msaada. Kukimbia ni kuondoka kwa mbio, basi. Ongeza silabi moja na utapata kukimbilia, na hapo lazima utaje mahali. Vivyo hivyo kuhama na kuhamia, kutoroka na kutorokea. Neno lisilo na silabi ile humtazama mtu mgongoni, linaona anakotoka tu. Lenye silabi ile humtazama usoni. Mtu akisema barazani "binti wa fulani ametoroka", aulizwe kwa upole: ametorokea wapi? Na kutoka kwa nini? Mara nyingi baraza zima litanyamaza kidogo, maana jibu wanalijua.

Baba naye ana neno lake. Husema "binti yangu amepotea". Waingereza humwita yule kijana wa mfano wa Injili ya Luka "prodigal", na wengi wao hudhani maana yake ni aliyekwenda akarudi. Kumbe asili yake ya Kilatini ni kutapanya mali, na mfano wenyewe husema hivyo. Kiswahili kimeyashika yote mawili katika neno mpotevu: aliyepotea, na aliyepoteza. Basi baba asemapo amepotea, tumwulize moyoni mwake ni lipi. Kama ni mtoto aliyempotea, atafurahi kusikia yuko Mugumu, mzima, anakula. Kama ni ng'ombe wa mahari anaowahesabu kuwa wamepotea, habari hiyo hiyo itamkasirisha. Wako wa namna zote mbili katika parishi zetu, na wako pia wababa na wamama waliomfungulia binti mlango wenyewe na kumwonyesha njia, wakilaumiwa na ukoo wote. Hao wa mwisho hawasemwi vya kutosha.

Yafaa tuongeze habari ya neno parishi. Jirani zetu Wakatoliki husema parokia, sisi parishi, na chanzo ni kimoja, cha Kiyunani: makao ya mtu akaaye kando ya nyumba za wengine, mkazi asiye mzaliwa wa mahali. Wakristo wa kwanza walijiita hivyo bila haya, na Waraka wa Kwanza wa Petro unawaita kwa neno hilo hilo. Baadaye parishi ikawa na mipaka, daftari, na wazee wa kanisa wanaomjua kila mtu na shamba lake, hata mgeni akiingia mlangoni vichwa vyote hugeuka. Huko Uingereza, kwa karne nyingi, kila parishi ililazimika kulisha maskini wake, na kwa hiyo ilikuwa na haki ya kumrudisha maskini wa parishi nyingine alikotoka. Neno lililokuwa jina la wageni likawa ukuta wa kuwazuia wageni.

Kazi ya kuwafikia mabinti hawa imekuwa na shida moja ambayo wengi hawaifikirii: vijiji vyetu vingi havikuwamo katika ramani. Gari la polisi na la Nyumba Salama liliitwa usiku, dereva akapewa jina la kitongoji, akazunguka mpaka kukakucha bila kukipata. Safari hiyo aliyekuwa akitangatanga alikuwa mwenye gari. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea, wengi wao katika nchi za mbali wasizozijua Mara kwa macho, wamekuwa wakichora ramani za vijiji vya Tanzania kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani, na wenyeji wenye simu huongeza majina ya mahali. Nyumba zimechorwa, makanisa, zahanati, mabwawa. Na vijia vimechorwa pia, vile vya kukanyagwa na miguu tu, vinavyokata mashamba ya mihogo na kushuka mtoni. Katika ramani kijia cha namna hiyo huonekana kama mstari mwembamba wa vipande vipande. Hakina jina, ila kinaonyesha kinakoanzia na kinakofikia.